Kutokalika si wasiwasi: Somo la msamiati kutoka kwa kima

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumweleza asiyetulia. Mtoto asiyekaa kitako tunasema ni mtukutu. Mgonjwa wa homa hugaagaa kitandani. Samaki aliyevuliwa hutapatapa. Mwizi aliyebanwa hufurukuta. Mtu aliyepotelewa na pesa huhangaika, naye anayesubiri matokeo ya mtihani huwa roho juu. Kila neno hapo lina mahali pake. Kugaagaa ni kwa mwili uliolala, kutapatapa ni kwa anayekosa pumzi au tegemeo, kufurukuta ni kwa aliyeshikwa. Ukiyachanganya, mzawa wa lugha atakucheka.

Ajabu ni kwamba utajiri huu wote huachwa langoni tunapoingia hospitalini. Pale, neno moja humeza mengine yote: wasiwasi. Mtu akitetemeka, ana wasiwasi. Akikosa usingizi, ana wasiwasi. Akishindwa kuketi, ana wasiwasi. Wiki hii nataka kuonyesha kwamba umezaji huo si kosa dogo la ufasaha. Unaweza kumfanya mgonjwa aongezewe dawa ile ile inayomtesa. Ushahidi wangu, msomaji, nitautoa mahali ambapo pengine hukutarajia mwalimu wa isimu afike: kwa watafiti wanaochunguza miondoko ya kima.

Nianze na mpwa wangu. Ni muuguzi katika kliniki ya afya ya akili, upande wa Bungoma. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana jambo hili lingeweza kutokea kokote nchini. Alikuja kunijulia hali hapa Kitale, na hata kabla chai haijapoa akaniambia, “Mjomba, leo nina kazi yako. Nitafutie neno.”

Akanisimulia kuhusu kijana mmoja mwendeshaji bodaboda. Kijana alikuwa akisikia sauti za watu wasioonekana, akapelekwa kliniki, akapewa haloperidoli. Baada ya majuma mawili mama yake akamrudisha. Sauti zilikuwa zimepungua, alisema, lakini sasa kijana hakai. Akiketi anainuka. Akiinuka anatembea hadi langoni, anarudi, anakwenda tena. Hata ugali anaula akiwa amesimama. Aliyekuwa zamu siku hiyo akamuuliza kijana, “Una wasiwasi?” Kijana akajibu kuwa anao. Kwani nani angekosa kuwa nao? Kwenye faili ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ana wasiwasi na fujo, na kipimo cha dawa kikaongezwa.

“Basi akarudi mara ya tatu akiwa hoi,” mpwa wangu akaendelea. “Wakati huu nilikuwa zamu mimi. Nikamuuliza, ‘Hicho kitu kinakusumbua, kiko kichwani ama kiko kwa miguu?’ Akanitazama hivi, akaniambia, ‘Sista, kichwa kimetulia. Ni miguu inakataa.’ Sasa Mjomba, hiyo kitu ya miguu kukataa tunaiitaje kwa Kiswahili?”

Kabla ya kulitafuta neno, tulichunguze kwanza lile lililotumika. Wasiwasi lilitujia kutoka Kiarabu, ambako waswasi ni mnong’ono: maneno ya chinichini ambayo Shetani humtia mtu moyoni. Asili hiyo bado inaonekana katika matumizi yetu. Mtu humtilia mwenzake wasiwasi, yaani humshuku. Mtu huingiwa na wasiwasi, kana kwamba kitu kimetoka nje kikapenya ndani. Makao ya wasiwasi ni moyo au akili. Kwa hiyo anayemuuliza mgonjwa “una wasiwasi?” anamwelekeza ajichunguze moyoni, ilhali tatizo lake liko miguuni. Swali limekwisha kuchagua jibu.

Hali aliyokuwa nayo kijana huyo inajulikana kwa madaktari, tena ina jina la zaidi ya miaka 120. Mwaka wa 1901, Ladislav Haškovec, tabibu wa maradhi ya neva jijini Prague, aliwaeleza wagonjwa walioshindwa kuketi. Waliposhurutishwa kukaa, miili yao iliwainua. Akaiita hali hiyo akathisia, kwa kuunga vipande viwili vya Kigiriki: a- ya kukanusha, na neno la kuketi. Maana yake ni kutoweza kukaa, basi. Jina hilo halina chumvi wala halitaji chanzo. Linataja tu alichokiona.

Wakati huo dawa kama haloperidoli hazikuwapo. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka wa 1952, nayo haloperidoli ikatengenezwa Ubelgiji mwaka wa 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Dawa hizi zilileta mapinduzi. Watu waliokuwa wamefungiwa miaka mingi walianza kurudi makwao. Mpaka leo hizo mbili, pamoja na fulufenazini ya sindano, zinatumika sana katika hospitali za umma kwa kuwa bei yake ni nafuu na zinafanya kazi. Lakini haikuchukua muda kabla ya madaktari kugundua kuwa wagonjwa wengine waliozitumia walikakamaa, wengine walitetemeka kama wazee wenye maradhi ya Parkinson, na wengine walishindwa kuketi. Neno la Haškovec likapata kazi mpya.

Tazama kinaya kilichomo katika lugha yetu. Dawa hizi mitaani tunaziita dawa za kutuliza. Sasa mtu aliyemeza dawa ya kutuliza anapozidi kutotulia, akili ya kawaida inasema nini? Inasema dawa haijatosha. Mwongezee! Jina la dawa lenyewe linatupotosha.

Ili kuelewa kwa nini dawa ya kutuliza akili inaweza kuchokoza miguu, inabidi tuingie kidogo katika kemia ya ubongo. Usiogope, tutatoka salama.

Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Mwaka wa 1921 Otto Loewi alionyesha jambo hili kwa mioyo ya vyura. Alichokoza neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akachukua maji yaliyouzunguka, akayatia kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa neva yake haikuguswa. Kulikuwa na kitu ndani ya maji. Kitu hicho ni asetilikolini, na kazi hiyo ilimpa Loewi Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936 pamoja na Henry Dale. Dawa zinazoongeza au kuiga kazi ya asetilikolini huitwa dawa za kikolini. Zinazoizuia ni wapinzani wake.

Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma huenda wameiona nguvu ya asetilikolini bila kujua jina lake. Mtu akinyunyizia mahindi au mboga dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti bila kujikinga, sumu ile humzuia mwilini kuivunjavunja asetilikolini. Ikarundikana. Mate yanamtoka, macho yanatiririka, anatapika, anaharisha, misuli inachezacheza. Hospitalini hudungwa atropini, ambayo ni mpinzani wa asetilikolini. Kumbuka kutapika huko, maana tutakutana nako tena.

Ndani ya ubongo, katika sehemu inayosimamia miondoko, asetilikolini hufanya kazi sako kwa bako na kemikali nyingine, dopamini. Kwa miaka mingi wataalamu wameutumia mfano wa mizani. Haloperidoli na wenzake huziba vipokezi vya dopamini, yaani vile vitasa ambamo dopamini huingia kama ufunguo. Kule ambako dopamini ilikuwa ikichochea sauti na dhana potovu, kuziba kunasaidia. Lakini dopamini hiyo hiyo inahitajika kwenye miondoko. Ikizibwa huko, upande wa asetilikolini unakuwa mzito na mwili unakakamaa. Ndiyo sababu daktari humwandikia mgonjwa kidonge kingine, benzheksoli, ambacho ni mpinzani wa asetilikolini. Kidonge hicho hurudisha mizani kiasi.

Hapo ndipo kima wanapoingia.

Niruhusu nichomeke somo dogo la majina. Huku kwetu wengi humwita kila mnyama wa jamii hii nyani. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa. Tumbili ni yule mdogo mwenye uso mweusi anayetuvunia mahindi kabla hatujayavuna. Mbega ana manyoya marefu meusi na meupe. Sokwe hana mkia, na hafai kuitwa kima. Kima ni jina linaloweza kubeba wengi wao kwa jumla, na ndivyo ninavyolitumia hapa. Kilomita chache kutoka mji wa Kitale, katika mbuga ya kitaifa ya Saiwa iliyotengwa mwaka wa 1974 ili kuwahifadhi nzohe, anaishi karasinga, kima mwenye ndevu nyeupe. Silaha ya karasinga ni utulivu. Akihisi hatari anaganda mtini, na huweza kukaa hivyo kwa saa kadhaa bila kutikisika. Mtalii hupita chini yake asijue kuna kiumbe juu. Mfano wake unatukumbusha kwamba kukaa tuli ni kazi. Ubongo unaifanya kila dakika, nasi hatuioni mpaka siku inaposhindikana.

Kima waliotumika sana katika utafiti ninaousimulia ni kapuchini wa Amerika Kusini, wadogo, wa rangi ya kahawia, wenye nywele za kichwani zinazofanana na kofia ya watawa Wakapuchini. Kwa nini kima na si panya? Panya akipewa haloperidoli nyingi huganda tu. Kima hupata madhara yanayofanana na ya binadamu: shingo hupinda, ulimi hutoka, mwili hukakamaa, mikono hutetemeka. Mwaka wa 1980 Daniel Casey, Jes Gerlach na mwenzao walichapisha uchunguzi wao kuhusu mikakamao ya ghafla ya kima. Dawa zinazoipinga asetilikolini ziliipunguza. Mizani ile haikuwa mfano wa darasani tu.

Kutokana na hayo, swali gumu lilijitokeza. Ikiwa kuipinga asetilikolini kunalegeza mwili, basi dawa inayoiga asetilikolini ingepaswa kuukakamaza. Nani angefikiria kumpa mgonjwa wa skizofrenia dawa ya namna hiyo? Lakini asetilikolini haina kitasa kimoja. Kundi moja tu la vipokezi vyake, vipokezi vya muskarini, lina aina tano. Dawa iitwayo zanomelini hupendelea mbili kati ya hizo, ya kwanza na ya nne. Katika miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa matumaini ya kuwarudishia kumbukumbu. Watafiti wakagundua jambo ambalo hawakulifuata: wale waliokuwa wakiona na kusikia visivyokuwapo walipata nafuu. Ubaya wake, wengi walishikwa na kichefuchefu na kutapika, wakaiacha.

Mwaka wa 2003, kundi la watafiti, wengi wao wa Denmark, lilichapisha matokeo ya kuijaribu zanomelini kwa kapuchini. Kwanza kima walipewa amfetamini, dawa ya kuchangamsha ambayo ni jamaa ya kemikali iliyomo katika miraa. Amfetamini huongeza dopamini. Kima wakawa hawatulii, wakarudiarudia vitendo vile vile visivyo na maana, macho kodo. Walipopewa zanomelini, kutotulia kukapungua, kurudiarudia kukapungua, ule msisimko ukashuka. Je, walikakamaa? Hapana. Shingo hazikupinda wala mwendo haukuwa mzito kama inavyotokea kwa haloperidoli. Walipopewa kipimo kikubwa, baadhi yao walitapika. Kutapika kule kule tulikokuona kwa mkulima aliyepatwa na sumu, na sababu ni ile ile: asetilikolini ina kazi tumboni kama ilivyo nayo kichwani.

Wanasayansi walichukua miaka mingi kutegua kitendawili hicho. Suluhisho lilikuwa kuiunganisha zanomelini na trospiamu, mpinzani wa asetilikolini ambaye hapenyi kwa urahisi kuingia ubongoni. Zanomelini inafanya kazi kichwani, trospiamu inalinda tumbo. Tarehe 26 Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo kwa watu wazima wenye skizofrenia, kwa jina Cobenfy. Tangu enzi ya klopromazini, hiyo ndiyo dawa ya kwanza kuidhinishwa huko kwa skizofrenia isiyotegemea kuziba vipokezi vya dopamini. Sisemi ni muujiza. Ina madhara yake, yakiwamo kichefuchefu, kufunga choo na moyo kwenda mbio, na hata huko Marekani ni ghali. Kijana wetu wa bodaboda bado atatibiwa kwa dawa za zamani, na anahitaji zitumike vyema.

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu. Katika utafiti wa aina hii, kilichonivutia kuliko yote ni namna watu wale wanavyoandika. Kima hasemi. Huwezi kumuuliza kama ana wasiwasi. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuketi, kutazama, na kutenganisha kwa makini. Kutotulia ni safu moja ya alama. Kurudiarudia vitendo ni safu nyingine. Kukakamaa, kupinda, kutetemeka, kupungua kwa mwendo, kila kimoja kina safu yake. Hakuna safu ya jumla iitwayo “fujo”. Na kwa sababu walitenganisha maneno, waliweza kuona kuwa dawa moja inashusha kutotulia bila kuleta ukakamavu. Wangeyaweka yote katika kapu moja, wasingeona chochote.

Basi fikiria. Mnyama asiye na lugha ameelezwa kwa usahihi kuliko mtu mwenye lugha aliyetembea kwa miguu yake mpaka kliniki akasema kinachomsumbua. Hilo halipaswi kutupa usingizi, sisi tunaojiita walinzi wa Kiswahili.

Tena binadamu ana kitu ambacho kima hawezi kumpa mtafiti. Akathisia ina nusu mbili. Nusu ya nje ni kupitapita, kuinuka na kuketi, kubadilisha mguu huu na ule. Nusu ya ndani ni msukumo: hisi kwamba ni lazima usogee, kama kuwashwa mahali pasipokunika. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ile nusu ya ndani inajulikana tu kwa maneno ya mgonjwa. Tukimnyima neno, tumeitupa nusu ya ushahidi.

Sasa nimpe mpwa wangu jibu lake. Ninapendekeza neno kutokalika.

Msingi wake ni kitenzi kaa. Kinaponyambuliwa, sauti l hujitokeza: kalia, kalisha, kalika. Sauti hiyo haikuokotwa njiani. Ilikuwapo zamani katika mzizi wa Kibantu, ikadondoka katika kaa, na bado mnaisikia Bungoma kila siku mgeni anapoambiwa kwa Lubukusu ikhala, yaani kaa. Kalika iko katika kauli ya kutendeka, ile inayoonyesha kuwa jambo lawezekana: njia hupitika, chakula hulika, mzigo hubebeka. Kukanusha kwake kunatupa kutokalika, hali ya kukaa kutowezekana. Ukilipima na neno la Haškovec, utaona vipande vinalingana kimoja kwa kimoja: kukanusha, kukaa, hali.

Najua mwanasarufi mmoja tayari amechukua kalamu. Atasema kinachokalika ni kiti au nyumba, mtu hakaliki. Ana hoja. Lakini Kiswahili kina muundo mwingine ambao wazee hawakuuona kuwa na kasoro: “kukaa hakukaliki, kulala hakulaliki.” Hapo kinachokanushwa ni tendo lenyewe la kukaa. Kutokalika basi ni jina la hali inayompata mtu, naye tutasema ana kutokalika, kama tunavyosema ana kukosa usingizi. Mama wa kijijini hahitaji kamusi kulielewa.

Mwingine atauliza, kwa nini tusiandike akathisia tu, tukaenda zetu? Katika kitabu cha wanafunzi wa udaktari sina ugomvi nalo. Nimetumia dopamini na asetilikolini humu bila haya, maana vitu hivyo hakuna anayeviona kwa macho. Kutokalika ni tofauti. Huonwa na mama jikoni, huhisiwa na mgonjwa mwenyewe, na ndio wanaopaswa kulileta neno hilo kliniki. Jina wasiloweza kulitamka wala kulifafanua litabaki katika faili.

Pamoja na neno hilo, tuyape mengine mipaka. Mkakamao uwe ni misuli kukaza, ghafla au polepole. Mtetemo uwe ni kutetemeka, hasa mikono. Miondoko isiyo ya hiari iwe ni ile ya mdomo kutafunatafuna bila chakula na ulimi kutokatoka, ambayo huwapata baadhi ya watu baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa hizi. Wasiwasi tuuache moyoni, kwenye makao yake ya asili.

Mipaka hiyo ina uzito wa matibabu. Mkakamao na mtetemo mara nyingi hupata nafuu kwa benzheksoli. Kutokalika hakusikii sana benzheksoli. Daktari huangalia kama anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine kama propranololi, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya shinikizo la damu. Ile miondoko isiyo ya hiari ya mdomo na ulimi yaweza hata kuzidishwa na benzheksoli. Maneno matatu, njia tatu. Na neno wasiwasi likiyameza yote, kuna njia ya nne, ile ya kuongeza dawa, ambayo kwa mwenye kutokalika ni kutia kuni motoni.

Kuna hatari nyingine inayotoka upande wa nyumbani. Mgonjwa anayeteswa na miguu huichukia dawa. Huitema, huificha chini ya godoro, na baada ya muda sauti zinarudi. Majirani husema ugonjwa umeshinda hospitali, wengine huanza kumtaja mchawi. Neno wazimu lenyewe lina undugu na mzimu, kwa hiyo mlango huo uko wazi siku zote. Kumbe mtu alikuwa akilikimbia jambo lenye jina na lenye tiba.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayetumia dawa hizi, usimwachishe ghafla kwa kuwa umesoma makala gazetini. Mrudishe kliniki, na ukifika pale usiseme kwamba hatulii tu. Sema kama mtafiti wa kima angesema. Anakaa dakika ngapi kabla ya kuinuka? Akisimama, miguu inapiga hatua papo hapo? Yeye mwenyewe anasema msukumo uko wapi, kichwani au miguuni? Ilianza lini, kabla ya dawa au baada ya kipimo kuongezwa? Halafu malizia kwa neno lenyewe: “Daktari, mtoto wangu ana kutokalika.” Akikuuliza maana yake, utamweleza.